Kabari za Saa Nne

Maabara ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea: anayevunja zege ndiye anayefagia. Ndiyo maana saa mbili asubuhi Majivu alikuwa amechuchumaa chini ya mashine, ufagio mkono huu na beleshi mkono ule, akizoa vifusi alivyoviacha jana alasiri.

Majivu si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa mwaka wa nne wa uhandisi, kwa sababu utafiti wake ulikuwa wa kupunguza saruji kwenye zege na kuweka majivu ya pumba za mpunga badala yake. Lilianza kama kejeli, likamnata kama saruji kwenye kiatu, na mwisho hata walimu wakamwita hivyohivyo.

Jana yake walikuwa wamevunja vipande sita vya mchemraba, kila kimoja upande wake sentimita kumi na tano. Vitatu vilikuwa vyake. Vitatu vilikuwa vya watu, vimeletwa kutoka jengo jipya la zahanati lililokuwa likiinuka upande wa pili wa mji. Maabara ya chuo iliwapimia wajenzi zege lao pia, na kwa kuwa vyote sita vilitimiza siku ishirini na nane siku moja, Majivu alishika kalamu huku fundi wa maabara akiendesha mashine. Kwa megapaskali, kipimo cha nguvu za zege, vya zahanati vilistahimili ishirini na saba, na vilitakiwa kufika ishirini na tano. Vyake, vilivyojaa majivu, vikasambaratika kwenye kumi na tatu. Hakuna aliyeshangaa. Majivu ni majivu. Dokta, msimamizi wake wa utafiti, akatia sahihi cheti cha zahanati jioni ileile, kikaenda.

Sasa, zege lililotoka kwenye tangi la maji likivunjwa lina rangi moja tu, rangi ya tope, liwe la tajiri au la maskini. Usiku mmoja wa kukauka ndio unaolivua nguo. Majivu alisukuma ufagio kwenye rundo la kushoto, lile la zahanati, na vumbi lililoinuka likawa jeusi. Akaacha kufagia. Akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, vimetapakaa kila mahali. Alivijua vidoa vile. Alikuwa ameyachekecha majivu yale kwa mkono wake mwezi mzima, mpaka akawa anapenga kamasi nyeusi.

Akageukia rundo la kulia, lile lililoandikwa jina lake. Lilikuwa jeupe, limejaa matundu, na alipolibana kidogo likamwagika kati ya vidole kama unga.

 Vile vigumu vilikuwa vyake. Vile vya kumi na tatu ndivyo vilivyokuwa vya zahanati.

Akakumbuka upesi, na kila alichokumbuka kikamzidishia jasho. Siku ya kumimina, wengine huchora alama kwa msumari zege likiwa bado bichi. Yeye, kwa unadhifu wake usio na maana, hakutaka kuukwaruza uso wa vipande. Akaandika kwa chaki ya nta, vyake na vile vya zahanati vilipoletwa. Wiki nne ndani ya maji, chaki ikatoka, vipande vikavaa ukoko mweupe wa chokaa vikafanana kama mapacha. Jana, kabla ya kuvunja, aliziandika alama upya kwa kumbukumbu ya mahali: vyake kulia karibu na bomba, vya zahanati kushoto ukutani. Alikuwa na uhakika. Alivipanga mwenyewe.

Fundi wa maabara aliingia akiwa na funguo zake kiunoni. Alikuwa mzee mpole, wanafunzi walimwita Taratibu kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza. Tangi lile uliwahi kulisafisha mwezi huu?"

"Marahaba. Taratibu, binti. Wiki ya pili nililimwaga maji, lilikuwa limeota ukungu. Nikatoa kila kitu, nikasugua, nikarudisha kila kitu. Hakikupotea hata kimoja."

"Vyangu ulivirudisha upande gani?"

"Upande?" Taratibu alimwangalia kama aliyeulizwa kabila la kijiko. "Kwani tangi lina upande?"

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Hapo Majivu alikuwa na kila kitu alichohitaji kujua, hakuna kilichobaki.

Na alijua jambo lingine. Fundi mkuu wa mbao kwenye jengo lile la zahanati alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu ana miaka sita na kumfundisha kushika timazi kabla hajajua kushika kalamu. Jana jioni mjomba alimpigia simu akicheka.

"Injinia! Karatasi imefika, ishirini na saba! Kesho saa nne kamili tunagonga kabari. Nimewaambia vijana, mkono wa mpwa wangu umo humo."

Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ikimiminwa hukaa juu ya msitu wa mirunda, nguzo za miti za kuishikilia, mpaka ikomae. Chini ya kila mrunda kuna kabari ya mbao. Ukigonga kabari, mrunda unalegea na kutoka, na slabu inaachwa ijibebe yenyewe. Wanaogonga kabari husimama chini yake. Hakuna njia nyingine.

Simu ilikuwa mfukoni. Mjomba alikuwa hewani. Mtu mwenye akili timamu angepiga hapohapo, na mimi ninayesimulia ningetamani kumshika mabega yule binti nimtikise mpaka meno yagongane. Lakini woga una hesabu zake. Mwaka wa pili, Majivu alipiga kelele kwamba mashine ya kuvutia nondo imeharibika. Darasa zima likasimama siku nzima, fundi akaja akaifungua mpaka tumboni, kumbe ni yeye aliyesahau kuirudisha kwenye sifuri. Wakamcheka mpaka muhula ukaisha. Dokta hakucheka. Alisema neno moja tu mbele ya watu: "Mhandisi hapayuki. Anapima, anapima tena, ndipo anasema." Na mwaka huu alikuwa amekwisha kumwonya: kosa jingine la uzembe, unarudia mwaka.

Basi akajiambia, nitamsubiri Dokta. Yeye ataangalia, yeye atasema. Akatia vipande viwili kwenye mifuko ya koti lake la maabara, cheusi kulia, cheupe kushoto, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ukumbi ambamo Dokta alikuwa akifundisha.

Alisikia sauti ya Dokta ikipita mlangoni, inapanda inashuka, ikieleza mambo ya mihimili kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Saa tatu. Alisimama, akanyoosha mkono abishe, akaona kupitia kioo vichwa mia mbili vimeinama vinaandika. Akawaza vitakavyogeuka vyote kwa pamoja. Akakaa. Saa tatu na nusu.  Akaitoa simu, akaifungua kwenye neno "Mjomba", akaifunga. Itakuwaje nikiwa nimekosea tena? Atasimamisha kazi, mkandarasi atamfokea mbele ya vijana wake, kwa ajili ya ndoto za mpwa wake. Na chini kabisa ya woga ule, naomba nimseme bila kumficha, kulikuwa na kijifuraha kidogo cha aibu: zege langu lina nguvu. Zege la majivu limefika ishirini na saba! Alikichukia kile kijifuraha, lakini hakikuondoka.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa nne kasoro dakika tano aliutazama mkono wa saa ya ukutani ukisogea. Akaiambia miguu yake inyanyuke, nayo ikakataa. Saa nne ikapiga. Saa nne na dakika mbili hofu ya mjomba ikawa kubwa kuliko hofu ya Dokta, akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Ndipo akakumbuka kwamba mjomba siku ya kugonga kabari hukusanya simu zote, yake ikiwa ya kwanza, akazizima na kuzifungia stoo, asije mtu akashtuliwa na mlio akiwa na nyundo mkononi.

Aliusukuma mlango bila kubisha. Vichwa mia mbili viligeuka kama alivyowaza, wala hakuviona.

"Dokta, vipande vya zahanati vilibadilishana na vyangu. Vile vya kumi na tatu ndivyo vyao. Wanaondoa mirunda sasa hivi."

Akavitoa vipande mifukoni, akavishika mbele yake kama mtu anayeomba. Dokta alikichukua cheusi, akakichukua cheupe, akakibana. Unga ukamwagika kwenye kiatu chake kilichong'arishwa. Uso wake ukabadilika rangi.

"Umegundua lini?"

Alitupa jicho kwenye benchi lililokuwa nje ya mlango.

"Mlango huu hauna kufuli," Dokta alisema kwa sauti ndogo, tayari anatembea. "Twende."

Ndani ya gari Dokta alimpigia mkandarasi mara saba. Simu iliita tu. Barabara ilikuwa ndefu, na taa za njia panda, kama kawaida yake siku ya haraka, zote zilikuwa nyekundu. Majivu alikuwa amebana mikono katikati ya magoti. Kila alipofumba macho aliona kipara cha mjomba chini ya slabu, na penseli yake nyekundu juu ya sikio.

Walifika saa tano kasoro robo. Kabla gari halijasimama alisikia nyundo. Ko. Ko. Ko. Halafu mrunda ukianguka chini na watu wakicheka. Hakuwahi kusikia kicheko kilichomtisha namna ile.

"Mjomba! Toka! Tokeni wote!"

Mjomba alichungulia kutoka gizani, nyundo mkononi, uso umejaa tabasamu. "Injinia mwenyewe! Karibu, safu za kati tumekwisha—"

"Karatasi ni ya uongo. Zege ni kumi na tatu. Nilichanganya mimi. Toka, mjomba, nakuomba!"

Tabasamu likabaki usoni mwake muda kidogo, halijajua pa kwenda. Kisha akageuka akapiga mluzi mmoja mkali, na vijana wake tisa wakatoka mbio wakiwa wameinama. Hakuuliza kama ana uhakika. Jambo hilo lilimchoma Majivu kuliko kama angempiga kofi.

Mirunda ilikuwa safu saba. Safu tatu zilikuwa zimekwisha kutoka, na zote za upande wa katikati. Juu ya slabu mkandarasi alikuwa amekwisha kupandisha matofali ya ghorofa, yamepangwa mpaka urefu wa mtu. Dokta aliinama, akamulika kwa simu. Kwenye tumbo la slabu kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, ukienda kutoka ukuta hadi ukuta.

"Siku ile mashine ya kuchanganyia ilizimika," mjomba alisema taratibu. "Wakachanganya kwa koleo na maji wakazidisha. Nilisema. Wakaniambia subiri maabara."

"Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?" Dokta aliuliza.

"Zahanati ya zamani. Wodi. Mihimili yetu imeingia kwenye ukuta wao."

"Kuna wagonjwa?"

"Kumi na wawili. Wanne hawatembei."

Dokta aliwageukia vijana. "Watoeni. Wote, hata kwa magodoro. Nusu saa inatosha?"

"Nusu saa nyinyi mnayo," mjomba alisema akiangalia juu. "Hii sijui kama inayo." Akaanza kukusanya kabari.

"Huwezi kurudi humo," Dokta alisema.

"Nisiporudi itajikunja, ukuta utakwenda nayo, na hao wanne wako kitandani. Nahitaji kurudisha mirunda minne tu ya kati. Injinia, darubini ya kupimia usawa iko pale kwenye miguu yake. Bado unajua kuitumia?"

"Najua."

"Basi leo uisome kuliko siku zote."

Alichukua futi ndefu ya chuma, ile ya kukunjuka, akaingia peke yake, akaipigilia kwa msumari katikati ya ufa, ikaning'inia kama ulimi. Majivu alisimamisha darubini nje, mita kumi hivi, akaweka jicho. Ndani ya kioo aliuona mstari mwembamba ukikata namba za futi. Milimita elfu moja mia nne kumi na mbili. Slabu ikishuka milimita moja, namba ingepungua moja.

"Kumi na mbili!" alipaza sauti.

"Endelea kusema. Usinyamaze hata kidogo. Ukinyamaza nitadhani umekimbia."

Alimsikia akiburuta mrunda wa kwanza. Mguno, kisha kabari, kisha nyundo, si kwa nguvu kama ya kuondoa, bali kwa kubembeleza.

"Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na moja! Mjomba, kumi na moja!"

"Nimesikia."

"Kumi na moja. Kumi na moja."

Nyuma yake magodoro yalikuwa yakipita, mwanamke mmoja akilia, Dokta akiwa amelishika godoro upande wa kichwa, tai yake begani. Majivu hakugeuka. Jasho lilimwingia jichoni akaogopa kupepesa. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana, na kila namba ilibidi aikamate kati ya meno kabla ya kuitoa.

Mrunda wa pili ukasimama. Mchanga ukadondoka kutoka kwenye ufa, ukapita mbele ya kioo kama moshi.

"Kumi. Tisa. Mjomba, tisa! Inaenda!"

Nyundo ikanyamaza. Hata kilio kilikuwa kimekoma.

"Sema," sauti ya mjomba ilitoka ndani, ndogo. "Sema ulichokiona, usiseme unachokiogopa."

"Tisa," alisema. "Tisa. Bado tisa."

Nyundo ikaanza tena. Mrunda wa tatu. Tisa. Alisikia mbao zikilia, mlio mrefu kama mlango wa zamani, na haja ndogo ikambana kama mtoto. Nane. Mrunda wa nne ulikwama, akamsikia mjomba akimtukana mama wa mrunda ule, aliyekuwa mti. Nane. Nyundo mbili, tatu. Nane. Nane. Halafu, kwa mara ya kwanza, namba iliganda na haikusogea hata alipohesabu pumzi zake hadi mia moja.

Mjomba alitoka kinyumenyume, mweupe wa vumbi kuanzia kipara hadi viatu, penseli bado iko juu ya sikio. Vijana walikuwa wamekwisha kumtoa mgonjwa wa mwisho, wakawa wamekaa chini kwenye ukuta wa uzio, mbali na jengo. Alikunywa maji, akasukutua, akatema. 

"Umefanya vizuri kusoma," alisema. "Sauti haikukatika."

Majivu akaanza kulia.

"Makosa ya alama hutokea. Mimi mwenyewe niliwahi kukata mbao arobaini kwa kipimo cha chumba kingine." Akajaribu kucheka. Kisha akamtazama, na yeye alikuwa mtu wa vipimo kuliko Dokta. "Uligundua saa ngapi?"

Angeweza kusema saa nne na dakika tano. Dokta alikuwa mbali, akizungumza na nesi. Taratibu asingekumbuka saa, huyo hata upande hakumbuki. Hakuna ambaye angejua.

"Saa mbili," alisema. "Saa mbili na dakika ishirini nilikuwa na hakika."

Mjomba aliifunga chupa ya maji, akaiweka chini.

"Simu yangu nilizima saa nne."

"Najua."

"Mpaka saa nne ningepokea."

"Najua, mjomba. Niliogopa kuchekwa."

Hakumfokea. Afadhali angefoka. Aliitazama mirunda ya safu tatu iliyolala chini, akautazama ufa, kisha akawatazama vijana wake tisa pale ukutani, mmoja akijaribu kuwasha sigara na kiberiti kikikataa kushika moto mikononi mwake.

"Mimi ni mjomba wako," alisema mwishowe. "Mimi nitakusamehe, hata sijui nitaachaje. Lakini si mimi peke yangu niliyekuwa chini. Kawaambie wale."

"Niwaambie nini?"

"Hiyo saa. Waambie saa."

Alikuwa amepita chini ya macho ya vichwa mia mbili asubuhi ile bila kuviona. Hawa walikuwa tisa. Alivuka kiwanja, akasimama mbele yao, na wote wakainua nyuso zilizojaa vumbi. Mmoja akamsogezea tofali akae, kwa heshima, maana walikuwa wamekwisha kusikia kwamba ni yeye aliyekuja kuwaokoa.

Hakukaa.